Mchanga wa Mjomba: siku tano kando ya reli ya zamani, Mombasa hadi Nairobi

Ni wiki ya pili tangu turudi Mombasa na viatu vyangu bado vinanuka grisi. Haya nimeyaandika kutoka daftari la mfukoni na picha 312 za simu, nusu yake za kutu. Tulikwenda wawili, mimi na Mjomba, ndugu yake mama, mwenye umri wa miaka 77. Mjomba aliingia reli mwaka 1968 akiwa kibarua wa kuosha boila, akatoka akiwa fundi wa dizeli. Safari aliitaka yeye, na miye nikadhani anataka kuona injini za zamani kabla macho hayajamwacha. Kumbe injini hazimshughulishi sana. Alichotaka kuona ni loko.

Kwa asiyekulia landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli: wazee wa reli wakisema "loko" hawana maana ya injini. Wanasema kile kipande cha uwanja wa stesheni ambako injini ilipelekwa ikinyweshwa maji, ikatiwa mafuta, ikakaguliwa tumbo, ikaoshwa, ikalala. Kuna mitaa mpaka leo inaitwa hivyo na watoto wa hapo hawajui kwa nini.

Siku ya 1, Jumatatu: Mombasa hadi Voi

Chai saa kumi na moja na nusu alfajiri, mahamri manne na mbaazi za nazi. Matatu ya Voi tulilipa shilingi 500 kila mmoja, na Mjomba akapewa kiti cha mbele bila kuomba. Tungeweza kwenda Voi kwa treni mpya, lakini alikataa. Alisema treni mpya inapita juu ya kila kitu kama ndege, naye anataka kupita chini.

Mariakani malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mizani mpaka upeo wa macho. Dakika arubaini hapo. Tulipoingia Taru, gurudumu la nyuma likapasuka, na la akiba likaonekana nalo halina upepo. Kondakta akapanda boda kulitafutia hewa. Tukakaa saa moja na robo kwenye kivuli cha mgunga mmoja mwembamba, abiria kumi na mmoja tukihama pamoja na kivuli. Mama mmoja muuza makaa alivuka barabara amebeba kigoda, akamwambia Mjomba, "Baba, kaa, hapa mchwa watakula." Hakutaka hata kununuliwa soda.

Mjomba alipokaa ndipo alipoanza. Akaonyesha nyika kwa fimbo. "Unaona mto?" Sioni. "Basi. Kila mtu akisikia reli hii anauliza simba wa Tsavo, wale wala watu. Hakuna anayeuliza maji." Reli ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, na hapa Taru maji ya kunywa ya vibarua yenyewe yalikuwa yakiletwa kwa treni kutoka nyuma. Baadaye kila stesheni iliyokuwa na maji ikawa mahali pa heshima, kwa sababu injini ya mvuke ni mnyama: haiendi ilikokusudia, inakwenda kwenye kisima kinachofuata. Ukitaka kujua kwa nini mji huu upo hapa na ule haupo, alisema, uliza gari la moshi lilikuwa likishikwa na kiu wapi.

Voi tulifika saa saba. Chumba chenye vitanda viwili 1,200, feni inafanya kazi upande mmoja. Jioni tukatembea hadi kwenye kivuko cha reli kutazama uwanja wa zamani kutoka nje. Hapa ndipo linapochepuka tawi la Taveta, lililojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuunganishwa na reli ya Moshi. Njia yenyewe imemezwa na nyasi. Mjomba alisimama kimya, kisha akahesabu kwa vidole: hapa palikuwa na wapiga pointi wa kubadilisha njia, wapasha moto, wafagia mirija, mafundi, makarani wa mafuta, mpishi wa kantini. "Stesheni ya njia panda ilikuwa watu mia na zaidi," akasema. Tuliwaona watatu, mmoja amelala.

Mbuzi wa kuchoma na sima, 650 kwa wawili. Chumvi ilizidi.

Siku ya 2, Jumanne: stesheni nisiyoitaja

Stesheni hii sitaitaja jina. Iko katikati ya Voi na Nairobi, na aliyetuingiza ni mlinzi kijana ambaye sina haja ya kumtia taabuni. Tulifika kwa basi hadi kwenye barabara kuu, kisha boda mbili kwa shilingi 100 kila moja.

Alitusimamisha getini vizuri tu. "Shikamoo mzee. Hapa si pa kutembea." Mjomba akaitikia marahaba, akatoa mkono, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimeosha boila za 59." Kijana hakujua 59 ni nini, ila babu yake alizaliwa kwenye landhi ya hapo hapo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akafungua. "Nusu saa." Tulikaa saa mbili, naye akatuletea uji.

Hapa nisimame kidogo, maana ndipo nilipoelewa safari.

Miye nikitazama uwanja ule niliona magofu tu. Mjomba aliona mstari. Alinirudisha hadi mwanzo kabisa, pale njia ya loko inapotoka kwenye njia kuu, akaniambia, "Sasa wewe ni injini. Umetoka Mombasa, umechoka. Njoo polepole."

Hatua arubaini mbele kuna shimo refu katikati ya reli, kingo za matofali, ndani yake umeota mwarobaini mnene kama paja. Shimo hili limekuwa na maisha matatu. Enzi za kuni na makaa ya mawe lilikuwa shimo la majivu: injini ilisimama juu, watu wakakwangua tanuri, majivu yakaanguka chini yakimwagiwa maji. Baada ya Vita vya Pili reli ikahamia kuchoma mafuta mazito, majivu yakaisha, na waliokuwa wakiyazoa wakapangiwa kazi nyingine. Shimo lilibaki kwa sababu fundi bado alitaka kuingia chini na nyundo yake ndogo, akigonga kila nati na kusikiliza. Nati iliyolegea hailii sawa. Dizeli zilipotawala, ukaguzi ukahamia mashimo mapya ya zege yenye taa pembeni huko kwenye vituo vikubwa, na hili likawa jaa. Mwarobaini ulijiotea wenyewe.

Mbele yake mnara wa tangi la maji. Miguu ya chuma ipo, tangi lipo, limetoboka chini, na nyuki wamehamia. Bomba la kunyweshea halipo tena. Limebaki shina lake tu, nguzo ya chuma fupi ambayo zamani ilikuwa na mkono wa kuzungushwa juu ya injini. Mjomba alizungusha hewa kwa mkono, kwa kuvuta, kisha akaegemea nyuma kama anayekwepa kulowa.

Hesabu hii nilimwomba airudie ili niiandike. Injini za daraja la 59, zile kubwa za mvuke za aina ya Garratt, zilibeba galoni 8,600 za maji, ambazo ni kama lita 39,000, na galoni 2,700 za mafuta. Hayo maji hayakutosha kutoka pwani hadi Nairobi kwa mara moja, hata kidogo. Na maji ya Ukambani yana chokaa. Yakichemka yanaacha gamba kwenye mirija ya boila kama lile la ndani ya birika, ila hili ni gumu kama sufuria yenyewe. Kwa hiyo pembeni ya tangi palikuwa na kijumba cha dawa ya kulainisha maji, na ndani ya banda palikuwa na vijana wenye mipira ya maji na vyuma virefu vya kukwangulia. Mmoja wao ndiye huyu aliyesimama mbele yangu. Alinionyesha kovu la mvuke kwenye mkono wa kushoto, ambalo nimeliona maisha yangu yote nikidhani ni la jikoni.

Banda lenyewe limeezuliwa. Zimebaki nguzo na ukuta mmoja wenye masizi juu, mistari meusi iliyonyooka pale mabomba ya kutolea moshi yalipopita. Na humo ndani kuna kitu kizuri kuliko vyote nilivyopiga picha, ingawa ukikiona utapita. Njia moja kati ya tatu ina kibaraza cha zege pande zote mbili, kimo cha kifua changu. Zege lake si la rangi moja na sakafu, limeongezwa. Mjomba akapanda juu yake kwa kusaidiwa, akajinyoosha.

"Hiki kilikuja na dizeli."

Injini ya mvuke, alieleza, unaifanyia kazi ukiwa chini, kwa sababu mambo yake yote yako nje: magurudumu, mikono ya chuma, vikombe vya oili. Dizeli imeficha kila kitu ndani ya sanduku, na milango ya sanduku iko juu. Basi ukanyanyua sakafu ili fundi asimame sawa na milango. Banda ni lile lile na reli ni zile zile, ila mwanadamu amepandishwa mita moja na kitu. Nikamwuliza kama alifurahi. Akasema mgongo ulifurahi. Kisha akaongeza kwamba siku ile kibaraza kilipokamilika, mkubwa wa loko alisoma orodha ya wasiohitajika tena, na wa kwanza walikuwa wanaolala kazini usiku kuchunga moto. Boila ya mvuke haizimwi na kuwashwa kama taa. Kuipasha kutoka baridi ni saa nyingi, kwa hiyo kuna mtu lazima akeshe nayo. Dizeli unabonyeza.

Nyuma kabisa ya banda, ambako nisingekwenda kwa sababu ya nyasi, kuna kijumba cha mawe kisicho na paa, mbuzi watatu ndani. Mjomba alikuwa akikitafuta hicho tangu Mombasa. Nyumba ya mchanga.

Nilikuwa sijui treni inatumia mchanga. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, mvua ikinyesha au mzigo ukizidi mlimani, linateleza, linazunguka mahali pamoja na kuchoma reli. Dawa yake ni mchanga kidogo unaopulizwa mbele ya gurudumu kupitia bomba jembamba. Lakini mchanga wenye unyevu unaganda bombani, na dereva anaujua ukweli huo akiwa katikati ya mlima. Kwa hiyo kila loko palikuwa na mtu aliyeleta mchanga wa mtoni, akauchekecha, akaukausha juu ya jiko, akaupandisha kwa ndoo hadi kwenye masanduku ya injini. Kazi ya chini kuliko zote, Mjomba akasema. Walipewa wageni na waliokosea. Yeye aliifanya miezi minne, na hakuniambia alikuwa mgeni au alikuwa amekosea.

Msingi wa jiko upo. Kwenye pembe, chini ya samadi na majani, aliparuza kwa fimbo hadi ukatokea mchanga mweupe, mwembamba, chembe sawasawa. Akafunga viganja viwili kwenye leso yake.

Kwa mtakaotaka kufanya kama sisi: ombeni ruhusa kwanza, na mkikataliwa ondokeni bila ubishi, maana picha za reli bado zinawatia watu wasiwasi. Viatu vya kufunika kifundo; mlinzi alituambia ameua fira wawili mwezi ule. Msipande minara ya matangi hata kama ngazi inaonekana nzima. Na mkibahatika kupata mlinzi mwema, mwachieni ya chai lakini msimwandike jina mtandaoni.

Siku ya 3, Jumatano: Makindu, kisha Nairobi

Basi lilituacha, la pili likatuacha, la tatu likatuchukua kwa 400 kila mmoja. Machungwa ya Kibwezi dirishani, mfuko wa karatasi kwa 100.

Makindu ilikuwa kambi kubwa ya reli tangu siku za ujenzi. Siku hizi wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaijua kwa hekalu la Sikh, lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri yeyote, wa dini yoyote, anakula bure na akihitaji anapewa pa kulala. Mjomba alinyamaza tangu tulipovua viatu. Tulipewa vitambaa vya kufunika kichwa, tukaosha mikono, tukaketi. Chapati, dengu, wali, mboga, chai ya maziwa yenye tangawizi. Mzee mmoja mwenye kilemba cheupe alipita na ndoo ya dengu akiongeza kwenye sahani za watu, akamwona Mjomba anatazama mikono yake.

"Wa reli?" akauliza kwa Kiswahili cha bara kilichonyooka.

"Loko, Mombasa na Nairobi. Fundi wangu wa kwanza alikuwa Kalasinga. Alinipiga rula ya vidole kwa kushika spana kinyume."

Mzee akacheka hadi ndoo ikayumba. Baba yake naye alikuwa fundi wa boila. Wakaanza kutajiana vifaa, kimoja kwa kimoja, kwa majina ambayo si Kiswahili, si Kipunjabi, si Kiingereza, na miye nikawa nimeachwa stesheni. Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli hii, na kama 2,500 walifia humu. Wengi wa waliosalimika walirudi kwao. Waliobaki, wengi wao waliingia karakana, na ndiyo maana, Mjomba alisema baadaye, watu wa loko walikula chapati kabla pwani nzima haijajua kuisukuma. Hilo la mwisho sikubaliani nalo, lakini nililiacha lipite.

Ukipita Makindu: hakuna bei, kuna sanduku la sadaka, toa ulichojaliwa. Usiingie na sigara wala pombe, wala usichukue chakula usichoweza kumaliza. Ukilala, uliza mapema.

Tulivuka mji kutafuta loko. Hapakuwa na cha kuona zaidi ya misingi na njia zilizong'olewa. Mjomba alieleza sababu, nayo ni ya ajabu kidogo: pigo la kwanza kwa loko za katikati halikutoka kwa dizeli, lilitoka kwa injini kubwa zaidi ya mvuke. Zamani injini ilivuta kipande chake, ikabadilishwa na nyingine, ikarudi. Zilipokuja zile Garratt za 59 katikati ya miaka ya 1950, injini moja ikawa inakwenda Mombasa hadi Nairobi moja kwa moja. Ilifungiwa nyuma behewa la kulala, na makundi mawili ya wafanyakazi yakawa yanapokezana: hawa wanaendesha, wale wanakoroma. Kunywa maji injini ilisimama, lakini kulala hailali tena hapa. Mabanda ya katikati yakaanza kukosa wageni, na dizeli ilipofika ikakuta nyumba imeshaanza kuhamwa.

Nairobi usiku, mvua, teksi ikatuomba 800 kwa mwendo wa dakika kumi. Tulilipa.

Siku ya 4, Alhamisi: makumbusho

Makumbusho ya Reli yalianzishwa mwaka 1971, karibu na stesheni ya zamani ya Nairobi. Kiingilio tulilipa kwa M-Pesa, na ni kidogo kuliko tulichokula mchana. Fika asubuhi, saa nne liliingia basi la wanafunzi na baada ya hapo hukusikia sauti yako.

Nje, kwenye jua, zimepangwa. 5918 Mount Gelai, rangi ya damu ya mzee, na 5930 Mount Shengena. Za daraja hili la 59 zilitengenezwa 34 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, tani zipatazo 250 kila moja, urefu wa karibu mita 32, na hapakuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Majina ni ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai na Shengena yote miwili iko Tanzania, kwa sababu reli ilikuwa moja kwa nchi tatu hadi ilipogawanywa mwaka 1977. Umbo lake ni kama injini mbili zilizobebana boila katikati, seti ya magurudumu mbele na seti nyuma, na matangi yake kwenye ncha. Faida yake kwa loko ni kwamba inakwenda mbele na nyuma sawasawa. Ile meza kubwa ya chuma ya kugeuzia injini, ambayo watu wawili waliisukuma kwa mabega, 59 haikuwa na haja nayo.

Watoto walikuwa wamejipanga kwenye behewa namba 12, ambamo simba alimuua mkuu wa polisi Charles Ryall pale Kima mwaka 1900. Mjomba akaniangalia. "Simba tena."

Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele la Mount Gelai, akachuchumaa kwa shida, akapitisha kidole ndani ya bomba jembamba linaloshuka mbele ya gurudumu. Kidole kikatoka na vumbi jekundu. "La mchanga," akanionyesha, kama anayemtambulisha ndugu. Mlinzi akaja kumwinua, akaishia kuchuchumaa naye, na ndani ya dakika kumi alikuwa ameita wenzake wawili. Walikuwa wakizipaka rangi injini hizo miaka sita na hawakujua bomba lile ni la nini. Walikuwa wakilipaka nyeusi.

Nina neno la kusema hapa. Nairobi imehifadhi injini, na nimeshukuru kuziona. Lakini injini bila loko ni jahazi lililowekwa uani. Mtoto anaondoka akijua ilikuwa kubwa na ina jina la mlima. Hajui ilihitaji watu wangapi ili iamke asubuhi. Shimo moja la ukaguzi, bomba moja la maji linalozunguka, kijumba kimoja cha mchanga chenye jiko, vingegharimu kidogo kuliko rangi. Na muda si mwingi: eneo lote linalozunguka stesheni, ekari 425, limo kwenye mpango wa Nairobi Railway City, wa stesheni kuu mpya na majengo marefu. Sipingi. Watu wa Nairobi wanastahili treni nzuri za kwenda kazini. Ningeomba tu kabla ya tingatinga apite mzee mmoja wa loko na chaki.

Mchana tulikaa jukwaani kutazama treni za mjini, zile za dizeli zilizonunuliwa zikiwa zimetumika Uhispania na kuanza kazi hapa mwaka 2020. Hazina injini ya mbele ya kufunguliwa na kupelekwa loko. Dereva anashuka ncha hii, anatembea hadi ncha ile, anaondoka. Mjomba alizitazama kwa saa nzima. Nikamwuliza zinahitaji nini zikilala. "Dizeli, maji ya choo, na ufagio," akasema. Baada ya kitambo akasema tena, "Na fundi mwenye kompyuta. Usimsahau."

Ugali, matumbo, sukuma wiki, 500 kwa wawili, karibu na stesheni. Bora kuliko vyote safarini baada ya Makindu.

Siku ya 5, Ijumaa: kurudi

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi Terminus, Syokimau, ile inayosimama njiani. Daraja la kawaida hadi Mombasa ni 1,500. Nunua tiketi mapema kwa *639#, wikendi hujaa. Beba kitambulisho, na uwe getini saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini, mbwa hunusa, kisha inapita kwenye mashine.

Mashine ikasimama kwenye begi la Mjomba.

"Mzee, hii leso ina nini?"

"Mchanga."

"Wa nini?"

"Wa treni."

Askari wa kike akaifungua, akamwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mbwa. Mbwa alinusa, akapiga chafya. Tukaruhusiwa.

Njiani reli ya zamani huonekana na kupotea, mara kushoto, mara chini ya daraja. Tulipita stesheni nisiyoitaja kwa mbali sana. Niliutambua mnara wa tangi, na Mjomba alikuwa amesinzia. Chai ya ndani ya treni ni ghali, bebeni yenu ikiwezekana. Mengine hadi Mariakani hayana habari.

Miritini tulifika saa nane na dakika chache. Abiria walikuwa wakikimbilia matatu, sisi tukabaki nyuma kwa ajili ya goti la Mjomba, na kwa kuwa tulikuwa wa mwisho hakuna aliyetufukuza tulipoifikia injini. Ni ya Kichina, dizeli, bado inanguruma. Dereva kijana alikuwa ameweka kiwiko dirishani anakunywa maji ya chupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nikuulize. Mchanga mnatia?"

Kijana akashusha chupa. "Mchanga wa magurudumu? Tunatia. Mvua ikinyesha kule mlimani, bila mchanga hupandi."

"Mnaukausha wapi?"

"Unaletwa umekauka tayari, mzee, kwenye magunia."

Mjomba akafungua leso, akaiinua hadi dirishani kwa mikono miwili. Dereva alichukua chembe kidogo, akasugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaangalia, akasugua tena.

"Huu umekauka vizuri," akasema.